Neva Yenye Mielini Hufika Kwanza

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wauguzi, wanafunzi wa tiba, na ninyi nyote mliotenga jioni hii kuja kusikiliza habari za mafuta yaliyozungushiwa neva: wakubwa shikamooni, wadogo habari za jioni.

Mtu akijikwaa kidole cha mguu kwenye jiwe, huumia mara mbili. Kwanza yanakuja maumivu makali, na anajua papo hapo ni kidole kipi. Kisha, baada ya muda wa kutosha kusema "Mungu wangu", yanafuata mengine ya kupwita, mazito, yasiyo na mpaka. Jiwe ni lile lile, na habari zote mbili zilianza safari pamoja ndani ya mshipa mmoja wa fahamu. Kutoka kidoleni hadi uti wa mgongo wa mtu mzima ni mita moja hivi. Nyuzi zilizobeba maumivu ya kwanza zina mielini nyembamba, yaani yale mafuta yaliyozungushiwa uzi; hukimbia karibu mita 15 kwa sekunde, hivyo zilifika ndani ya milisekunde 70. Nyuzi za pili hazina mielini kabisa. Mwendo wake ni mita moja kwa sekunde, kwa hiyo zilichukua sekunde nzima. Na zile zinazoujulisha ubongo mguu umekaa wapi, zenye mielini nene, hupita mita 80, nyingine hata 100 kwa sekunde. Hizo zilishafika baada ya milisekunde 10 au 12, na mwili ukaanza kujiweka sawa usianguke kabla maumivu hayajapokewa.

Jambo ninalolitetea jioni hii ni moja: kazi ya mielini ni muda, na magonjwa yake huanza kama magonjwa ya muda. Anayempima mgonjwa wa mielini kwa kutafuta kilichokufa atakosa wakati wa kumsaidia. Atafute kwanza kilichochelewa.

Zamani wasomi wengi waliamini kwamba kasi ya neva haipimiki. Johannes Müller, mwalimu mkubwa wa fiziolojia huko Berlin, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1850 mwanafunzi wake, Hermann von Helmholtz, alichukua mguu wa chura, neva ikiwa bado imeshikana na msuli. Akaigusa neva kwa umeme mbali na msuli, kisha karibu na msuli, akapima tofauti ya muda kabla msuli haujajikunja. Jibu lilikuwa karibu mita 30 kwa sekunde. Ushikeni vizuri ujanja huo wa kupima sehemu mbili na kutoa, maana tutauhitaji.

Umeme wa neva hautembei kama umeme wa nyaya za nyumbani. Seli ya neva ikiwa imetulia, ndani yake ni hasi kwa milivolti 70 hivi ukilinganisha na nje. Sodiamu nje ni milimoli 145 kwa lita, ndani ni kama 12 hadi 15. Potasiamu ni kinyume: 140 ndani, 4 nje. Tofauti hiyo hutunzwa na pampu iliyo kwenye utando, inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 kwa kila molekuli ya ATP, nishati ya seli, inayotumika, usiku na mchana. Utando ukisukumwa kutoka -70 hadi karibu -55, vilango vya sodiamu hufunguka, sodiamu inamiminika ndani, na volti inapanda hadi +30 au zaidi. Mara vilango hivyo vinajifunga, potasiamu inatoka, hali inarudi. Kilango kilichotoka kufunguka hakifunguki tena papo hapo. Ndiyo sababu msukumo husonga mbele na haurudi ulikotoka.

Sasa tatizo. Chaji iliyoingia mahali pamoja lazima isukume mahali panapofuata hadi napo pafikie kiwango cha kufungua vilango. Lakini aksoni, yaani uzi mrefu wa seli ya neva, ni mrija mwembamba wa maji ya chumvi, na utando wake unavuja. Chukueni mpira wa kumwagilia bustani uliotobolewa matundu mwanzo hadi mwisho: fungua bomba, maji yanachuruzika kwenye mita za mwanzo, na mwisho wa mpira unabaki mkavu. Juu ya kuvuja huko, utando ni kapasita, yaani ghala dogo la chaji, ya mikrofaradi 1 kwa kila sentimita mraba. Lazima ijazwe chaji kabla volti haijapanda, na kuijaza kunakula muda. Kwa hiyo aksoni tupu inadaiwa mara mbili: kuvuja kunaila umbali, kapasita inaila saa.

Ziko njia mbili za kujinasua. Ya kwanza ni kupanua mrija ili chaji ipite kwa urahisi. Ngisi alifuata njia hiyo. Aksoni yake kubwa ina kipenyo cha nusu milimita, na hao akina Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliopata tuzo ya Nobel mwaka 1963 waliichomeka waya ndani yake wakasoma volti moja kwa moja. Pamoja na unene wote huo, kasi yake ni karibu mita 25 kwa sekunde. Katika uzi usio na mielini kasi hupanda kwa kipeuo cha pili cha kipenyo: ukitaka kasi mara nne, unene uongeze mara 16. Ili ngisi afike mita 100 kwa sekunde angehitaji aksoni ya milimita 8. Uzi mmoja tu! Neva ya jicho lenu moja ina nyuzi zaidi ya milioni 1, na yote kwa jumla ni nyembamba kuliko hiyo.

Njia ya pili ni kuufunika utando. Nje ya ubongo na uti wa mgongo kazi hiyo hufanywa na seli za Schwann. Seli moja huchukua kipande kimoja cha aksoni moja, inajibandika, kisha ukingo wake unazunguka na kuzunguka, huku maji ya ndani yake yakikamuliwa mpaka zinabaki tando zilizoshikana. Betty Geren ndiye aliyeonyesha hivyo mwaka 1954 kwa hadubini ya elektroni, akitumia neva za viinitete vya kuku. Kabla yake ilidhaniwa kwamba mielini hutolewa kama ute na kuachwa nje ya seli. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo, kazi ni ya oligodendrosaiti, na hapo hesabu hubadilika: seli moja inaweza kufunika vipande 40 au 50 vya aksoni mbalimbali. Kwa hiyo oligodendrosaiti moja ikifa, aksoni nyingi huvuliwa kwa mpigo. Mielini ikikaushwa, asilimia 70 hadi 80 yake ni mafuta, kolesteroli ikiwemo kwa wingi. Iliyobaki ni protini.

Tuchukue uzi mmoja tuupime kwa karibu. Kipenyo chake chote ni mikromita 10. Aksoni iliyo katikati ni mikromita 7, yaani uwiano wa 0.7, ambao neva za pembeni hukaa karibu nao. Inabaki mikromita 1.5 ya mielini kila upande, na humo mna mizunguko isiyopungua 80, kila mzunguko ukiwa na tando mbili. Tando zilizopangwa mfululizo hujumlisha ukinzani na kugawanya kapasita. Basi kuvuja kunapungua zaidi ya mara mia, na chaji ya kujaza inapungua kwa kiwango hicho hicho. Kipande kilichofunikwa kina urefu wa milimita 1, kwani kanuni ya jumla ni mara 100 ya kipenyo cha uzi. Kati ya kipande na kipande kuna uwazi wa mikromita 1 tu, fundo la Ranvier, lililopewa jina la Mfaransa aliyelieleza katika miaka ya 1870. Yaani sehemu moja tu katika elfu ya urefu wa uzi ndiyo iliyo wazi. Hapo vilango vya sodiamu vimesongamana zaidi ya 1,000 kwa mikromita moja ya mraba. Chini ya mielini havifiki 25.

Uzi kama huo hupeleka habari kwa karibu mita 60 kwa sekunde. Kadiria mita 6 kwa kila mikromita ya kipenyo. Kutoka fundo hadi fundo ni mikrosekunde 17 hivi.

Hapa lazima niwaudhi kidogo walimu wenzangu wa bayolojia. Vitabu vya shule huchora mshale unaoruka juu ya mielini kutoka fundo moja kwenda jingine. Mchoro huo unapasisha mtihani, ila unapotosha. Hakuna kinachoruka nje. Sodiamu inaingia kwenye fundo, na volti inasambaa ndani ya aksoni, chini ya mielini, hadi fundo linalofuata. Wala si kwamba fundo moja linamaliza kazi ndipo jingine lianze. Msukumo kwenye fundo moja hudumu nusu milisekunde hivi, na ndani ya muda huo ncha ya mbele imeshasogea milimita 30. Kwa hiyo mafundo 30 hivi yako kazini kwa wakati mmoja, moja linaanza kupanda, jingine liko kileleni, la nyuma linateremka. Tunapata faida hapo. Fundo moja likishindwa, umeme wa yaliyotangulia huweza kulivuka. Ndiyo sababu sindano ya ganzi ya daktari wa meno inapaswa kuloweka mafundo yasiyopungua matatu mfululizo. Dawa ikigusa sehemu fupi mno, mgonjwa anaruka kwenye kiti.

Mtauliza kwa nini basi nyuzi zote hazikufunikwa. William Rushton alilipigia hesabu mwaka 1951: katika neva za pembeni, uzi ukiwa chini ya mikromita 1 au hapo karibu, nafasi inayoliwa na mielini inaibana aksoni kiasi kwamba faida inatoweka. Maumivu ya kupwita, joto na kuwashwa havina haraka ya kuokoa maisha, vikaachiwa nyuzi nyembamba za bei rahisi.

Tuje kwenye kuharibika, ambako ndiko wengi wenu mnafanyia kazi.

Mielini ikibanduka na aksoni ikabaki nzima, mambo mawili tofauti huweza kutokea, na kuyachanganya ndiyo kosa la kawaida wodini. Moja ni kuchelewa: msukumo unafika, ila kwa taabu. Jingine ni kuzuiwa: chaji inavuja njiani, fundo linalofuata halifikii kiwango, habari inakatika. Udhaifu wa misuli huletwa na kuzuiwa. Kuchelewa peke yake hakumlegezi mtu. Msuli unaopata amri baada ya milisekunde 20 badala ya 10 unakaza vile vile. Kuchelewa kunavuruga vitu vinavyohitaji nyuzi nyingi zifike kwa pamoja: kuruka kwa goti ukigonga kwa nyundo, na kuhisi mtetemo wa uma wa sauti wa hezi 128 kwenye kifundo cha mguu. Nyuzi moja ikifika mapema, nyingine katikati, nyingine mwisho, hakuna kishindo cha kumwamsha goti. Basi mgonjwa anayeanza kulegea miguu akiwa ameshapoteza mrejeo wa goti, wakati misuli bado ina nguvu ya kutosha, anakuambia tatizo liko kwenye mielini.

Kupima kasi tunarudi kwa Helmholtz. Mgonjwa alale, mkono ukiwa wazi. Pima joto la ngozi kwanza: likiwa chini ya nyuzi 32 za Selsiasi, pasha mkono kwa maji ya vuguvugu au taulo. Usiiruke hatua hii. Kila nyuzi moja ya joto inayopungua huondoa karibu mita 2 kwa sekunde, na mkono wa nyuzi 27 uliotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi unaweza kumfanya mtu mzima wa afya aandikiwe ugonjwa. Weka elektrodi kwenye mnofu ulio chini ya kidole gumba. Chochea neva ya kati kwenye kifundo cha mkono, ukipandisha umeme taratibu hadi wimbi la msuli lisikue tena, kisha ongeza robo yake, ili uwe na hakika hakuna uzi uliosahaulika. Andika muda. Rudia kwenye mkunjo wa kiwiko. Tuseme kwenye kifundo cha mkono ilikuwa milisekunde 3.5, kiwikoni 7.7, na kati ya alama hizo mbili tepu inasoma milimita 235. Tofauti ni 4.2, gawanya, unapata mita 56 kwa sekunde, ambayo ni sawa. Mtu mzima mkononi azidi 50 hivi, mguuni 40. Tunatoa kwa sababu muda wa kwenye kifundo cha mkono una mambo mengine ndani yake, hasa kuvuka kutoka neva kwenda msuli. Na mkunje kiwiko vile vile unapochochea na unapopima. Tepu ikikosea sentimita moja katika 20, jibu limekosea kwa asilimia 5.

Ukisoma matokeo, angalia kimo cha wimbi pamoja na kasi. Wimbi dogo lenye kasi nzuri linasema aksoni zimekufa. Kasi iliyoshuka sana, wimbi likiwa limesambaa na kuchakaa, inasema mielini. Wimbi la kiwikoni likiwa chini ya nusu ya lile la kwenye kifundo cha mkono, kuna kuzuiwa katikati. Katika ugonjwa wa kurithi wa Charcot-Marie-Tooth aina ya kwanza, kasi mkononi iko chini ya mita 38 kwa sekunde, na iko hivyo kila neva unayoigusa. Ugonjwa uliopatikana ukubwani huwa na viraka: neva hii mbovu, jirani yake nzima.

Ugonjwa wa kuogopwa kwa haraka yake ni Guillain-Barré, ulioelezwa Ufaransa mwaka 1916. Mara nyingi hufuata kuhara kwa bakteria wa Campylobacter au mafua, wiki moja hadi tatu baadaye. Kinga ya mwili inaishambulia neva yenyewe, ganzi na udhaifu vinapanda kutoka miguuni, na ndani ya wiki nne hufika kileleni. Kinachoua ni pumzi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakitakuonya mapema. Kitasoma vizuri hadi dakika za mwisho. Mwambie mgonjwa avute pumzi moja na kuhesabu kwa sauti. Akishindwa kufika 20, au ujazo wa pumzi ukishuka chini ya mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, ahamishiwe mahali penye mashine ya kupumulia kabla hajazidiwa. Tiba ni kubadilishiwa plazima au imunoglobulini ya mshipani, gramu 0.4 kwa kilo kwa siku, siku 5. Steroidi hazimsaidii, na bado nasikia zinaandikwa.

Kwetu Afrika Mashariki yuko adui mzee zaidi wa seli za Schwann: ukoma. Tanzania, Kongo na Msumbiji bado zinapata wagonjwa wapya kila mwaka. Bakteria huyu huishi ndani ya seli ya Schwann, hugawanyika mara moja katika wiki mbili hivi, na hupenda sehemu zenye ubaridi. Kwa hiyo hufuata neva zilizo karibu na ngozi: ile inayopita nyuma ya kiwiko, ile inayozunguka chini ya goti kwa nje. Shika kiwiko cha mgonjwa kikiwa kimekunjwa, viringisha neva chini ya vidole vyako, linganisha kulia na kushoto: imenenepa? inauma? Kisha mwambie atanue kidole cha mwisho wewe ukikizuia. Dawa mseto huua bakteria kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina, lakini neva huumizwa sana na mchafuko wa kinga, ambao huweza kuzuka katikati ya tiba au hata baada yake. Udhaifu mpya ambao haujafikisha miezi 6 unahitaji prednisoloni, steroidi ya kutuliza kinga, mara moja, ikipunguzwa polepole kwa miezi. Baada ya hapo aksoni zimeshakufa, na kilichobaki ni viatu laini na upasuaji wa kurekebisha vidole.

Mengine nitayapita haraka. Upungufu wa vitamini B12 huvua mielini ya nyuma ya uti wa mgongo. Ukimpa mgonjwa foliki asidi peke yake, damu yake itapendeza huku uti ukiendelea kuharibika. Sodiamu ya damu iliyoshuka kwa siku nyingi usiipandishe kwa zaidi ya milimoli 8 kwa lita katika saa 24, hasa kwa mlevi au mwenye utapiamlo, kwani oligodendrosaiti za shina la ubongo hazihimili, na kupooza huja siku kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshapongezana. Na mgonjwa wa multipo sklerosisi, ambamo kinga ya mwili hubandua mielini ya ubongo na uti wa mgongo, ugonjwa ulio nadra kwetu karibu na ikweta kuliko Ulaya ya kaskazini, anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya jua la mchana au homa. Wilhelm Uhthoff aliliandika jambo hilo mwaka 1890. Joto hufupisha msukumo, chaji inayofika fundo la mbele inapungua, na uzi uliokuwa unapenya kwa shida unazuiwa. Mshusheni homa kwanza kabla ya kutangaza kwamba ugonjwa umerudi. Fampiridini, miligramu 10 mara mbili kwa siku, hufanya kazi kinyume cha joto: inaziba vilango vya potasiamu vilivyofunuliwa, msukumo unarefuka, na baadhi ya wagonjwa hutembea upesi zaidi. Mwenye figo mbovu asipewe, inaleta degedege.

Seli za Schwann hujenga upya kwa bidii, na huanza baada ya wiki chache. Lakini mielini mpya ni nyembamba na vipande vyake ni vifupi, mara nyingi chini ya nusu milimita, hivyo mafundo ni mengi zaidi njiani. Aliyepona Guillain-Barré anaweza kutembea, kulima na kubeba mtoto mgongoni huku mashine ikisoma mita 38 kwa sekunde kwa miaka. Msimrudishe wodini kwa sababu ya namba hiyo. Mkunjeni mkono, mkandamizeni mguu, mkihakiki nguvu. Ila wimbi likiwa dogo na halikui mwezi hadi mwezi, hapo aksoni zilikatika, nazo hukua milimita 1 kwa siku. Kutoka nyongani hadi unyayoni hesabuni miaka miwili na zaidi, na mazoezi ya viungo yaanze leo ili vifundo visikauke kabla neva haijafika.

Muda wangu umekwisha. Kipaza sauti kiko upande wa kushoto kwa wenye maswali.